Bibi Harusi wa Bega la Kushoto

Kioo chenyewe, cha kompyuta, kilitoka kwenye mkahawa wa intaneti uliofungwa, na Sumaku alikibeba kifuani kama mtoto aliyelala, akakatiza nacho uani mbele ya wanawake wanne waliokuwa wakichambua mchele na kuchambua watu.

"Haya, kaleta mke," alisema Mama Mdogo bila kuinua kichwa kutoka kwenye ungo. "Mwembamba, kioo mwili mzima, na hali chakula. Safari hii umepata wa kukufaa."

"Angalau huyu hasemi," alijibu Sumaku.

Wanawake wakavunjika mbavu. Nyumba ile ilikuwa hivyo. Ilikuwa na mlango wa mbele, lakini hakuna aliyejua kazi yake maana haukuwa ukifungwa. Jirani aliyekosa chumvi aliingia, aliyekosa habari aliingia, na mwenye vyote viwili aliingia kuhakikisha. Mwenye nyumba alikuwa Bibi, na Bibi alipenda watu kama wengine wanavyopenda sukari. Siku asiyokuja mtu alijiona mgonjwa.

Sumaku alikuwa mjukuu wake, fundi wa televisheni na simu, mwenye kibanda cha mabati kona ya pili. Jina alilipata utotoni, alipokuwa akizunguka mtaani na sumaku ya spika aliyoifunga kamba, akiwaokotea watu misumari ambayo hawakujua wameipoteza. Sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa, na alikuwa amejiapiza kutengeneza projekta kwa mikono yake, kwa kioo cha kompyuta mbovu, kwa sababu ya jicho la Bibi.

Jicho la kushoto lilikuwa limeaga zamani. La kulia lilibaki, ila katikati yake, daktari alisema, kuna doa, na lile doa linakua. Bibi aliona vya pembeni: mlango, mkono wako, kuku akipita. Alichokuwa hakioni ni kile alichokuwa anakitazama. Ukimkabili ulikuwa na masikio mawili, na katikati ukungu.

"Nyote mmefunikwa sahani usoni," alikuwa akisema na kucheka. "Afadhali. Wengine mlikuwa mnanitisha."

Sumaku alipiga hesabu yake ya kifundi. Kama doa linafunika uso wa mtu, basi mtu atengenezewe uso mkubwa kuliko doa. Uso wenye ukubwa wa mlango, ukutani, unaong'aa. Jicho la Bibi lingeutembelea kipande kwa kipande, nyusi, shavu, kidevu, mpaka auone wote kabla giza halijafunga.

Na uso uliotakiwa ulikuwa mmoja tu: wa mama yake Sumaku.

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda, na mtaa mzima ulikijua, maana Bibi hakuficha. Siku ya harusi ya bintiye mkubwa alimshika kidevu, akamwambia, "Macho chini. Usinyanyue macho mpaka utoke nje ya lango. Ukinyanyua umenivua nguo mbele ya watu." Binti akatii. Alishusha macho akiwa anavishwa, akiwa anapelekwa, akiwa anapanda gari. Gari likaondoka kwenda mji wa mume, safari ya siku nzima. Miezi kumi na moja baadaye alijifungua, na hakuliona jua la siku iliyofuata. Bibi alipofika walikuwa wameshazika. Alichopewa ni mtoto ndani ya shuka. Yule mtoto ndiye Sumaku.

Kilichobaki ni mkanda wa harusi, dakika arobaini, ambao Sumaku aliuhamishia kwenye diski. Bibi aliutazama kwenye televisheni ndogo ya sebuleni mpaka akaujua kwa mdundo. Alikuwa na imani moja aliyoishika kwa meno.

"Kuna mahali ananyanyua macho," alisema kila mara. "Pafupi tu. Ananitafuta. Hiyo televisheni yenu ni ndogo, inamla."

Sumaku alikuwa ameupitia ule mkanda picha kwa picha. Hapakuwa na mahali. Lakini nani angemwambia?

*

Kazi ilimchukua wiki tatu. Aliifungua ile kompyuta, akatoa kioo peke yake, akatupa taa zake za nyuma na karatasi nyeupe zilizokuwa zikisambaza mwanga, mpaka ukikishika mbele ya dirisha unaona mti wa upande wa pili, hafifu, kana kwamba moshi umepita. Akapigilia sanduku la mbao lenye urefu wa mkono. Nyuma akaweka taa ya LED yenye nguvu za kumtia mtu upofu, na feni tatu za kuipoza. Mbele yake bamba la plastiki lenye mistari ya duara, la kukusanya mwanga. Halafu kioo, akikifunga juu chini, maana lenzi hupindua picha. Mwisho lenzi nene aliyoing'oa kwenye projekta ya shule iliyokuwa imelala stoo tangu enzi za chaki.

Ukuta ulikuwa wa chumba cha Bibi, mkabala na kitanda. Mshonaji wa jirani, waliyemwita Koti kwa sababu hakuvua koti hata jua likipasua mawe, alileta rangi ya fedha iliyobaki alipopaka tangi lake la maji.

"Rangi hii inarudisha mwanga," alisema Koti. "Ukuta mweupe unakunywa picha. Nimesikia."

"Umesikia kwa nani?"

"Nimesikia tu. Wewe paka."

Wakapaka. Alhamisi Sumaku akajaribu, na picha ikatokea, kubwa, yenye rangi. Lakini ilikuwa kama imenyunyiziwa unga. Akakikagua kioo, akakuta uso wake una ngozi nyembamba isiyong'aa, yenye mikwaruzo. Na hapa ndipo ugonjwa wa ufundi ulipomponza. Watu wa mtaa ule walikuwa na tabia ya kuacha nailoni ya dukani kwenye televisheni na simu miaka na miaka, ati zisichakae, na Sumaku alikuwa na tabia ya kuibandua kila kitu kinapomfikia mezani, hajaombwa, kisha anamwambia mwenye mali, "Sasa umenunua." Akajua ni nailoni tu hii. Jumamosi asubuhi akailazia vitambaa vya maji ya vuguvugu, akachokonoa pembe kwa ukucha, akaivuta polepole mpaka ikatoka nzima, ikilia kama kitambaa kinachochanwa. Kioo kikabaki kinameremeta. Hakupata nafasi ya kujaribu tena. Bibi alikuwa ameshawaalika watu.

Saa tisa alasiri chumba kilijaa. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi na maboksi, na jua la nje likabaki uzi mmoja chini ya mlango. Waliokosa viti walikaa sakafuni, waliokosa sakafu walisimama. Bibi alikuwa kitandani amejilaza nusu, mgongo kwenye mito miwili, kichwa kimeegemea bega la kushoto. Usoni alivaa miwani myeusi ya kliniki, maana mwanga mkali ulimchoma jicho.

"Fundi, tuonyeshe," alisema. "Mume wangu usiniaibishe."

"Mke wangu, kaa mkao wa kula," alijibu Sumaku, akawasha.

Feni zikavuma. Ukuta ukawaka mweupe. Sauti ya mkanda ikaanza: vigelegele, vicheko, mtu akiita watoto wapishe njia. Nusu ya watu wale walikuwa wameshazikwa, na sauti zao zilijaa chumbani. Ila ukutani hapakuwa na kitu. Palikuwa na mwanga mtupu.

"Nzuri sana," alisema Koti. "Mnaoa maziwa?"

Watu wakacheka. Sumaku, kijasho kikimtoka, akachezea waya, akazima, akawasha. Weupe uleule. Mama Mdogo akaanza kumzomea. Ndipo Bibi aliposema, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kawaida:

"Mbona mmemvika nguo nyeusi?"

Kicheko kikakatika.

"Nani, mama?" aliuliza Mama Mdogo.

"Dada yako. Gauni lake lilikuwa jeupe, nilishona mwenyewe. Na hao wenzake mbona wamejipaka majivu? Nywele zao nyeupe, nyuso zao..." Akanyanyua shingo kidogo kutoka kwenye mto. Mkono wake ukatafuta kitu cha kushika, ukashika blanketi. "Kanyanyua macho. Jamani. Kanyanyua macho, ananitazama mimi."

Watu wote wakageukia ukuta. Mweupe, mtupu. Kwenye sauti, mwanamke aliyekufa zamani alikuwa akipiga kigelegele kirefu.

"Mwanangu," Bibi alisema, akitazama ukuta, machozi yakipita chini ya miwani. "Mwanangu, nimekuona."

Walitoka mmoja mmoja, hakuna aliyeaga. Aliyekuja na kigoda alikisahau. Kabla mkanda haujaisha, Sumaku alisikia mlio asioujua, akachukua muda kuutambua: mtu alikuwa amefunga mlango wa mbele.

Bibi alipolala, Sumaku alimvua ile miwani taratibu, akaivaa mwenyewe. Akasimama wima mbele ya ukuta, akakodoa. Aliona mwanga uleule, umefifia kidogo. Hakuona harusi wala nguo nyeusi. Akarudisha miwani mezani, akaenda kukaa uani peke yake, na ule uwanja haukuwa umewahi kuwa na mtu mmoja.

*

Jumapili hakuja mtu. Jumatatu alikuja Koti, akasimama kizingitini, mguu mmoja ndani mmoja nje.

"Sisemi kitu," alisema, kumaanisha atasema. "Lakini mtu akishaanza kuwaona wenzake waliotangulia, ndugu huitwa mapema. Wa mbali hasa."

"Koti, toka hapo," alisema Mama Mdogo. Koti alipoondoka, Mama Mdogo alimgeukia Sumaku kwa sauti ya chini, ya kweli. "Leo mama ameniomba nimsogezee kitanda karibu na ukuta. Anataka kile kitu kiwashwe. Hali chakula, anakitaka kile kitu. Nakuomba, mwanangu. Kivunje."

"Nitakivunja jioni."

Alikuwa na nia hiyo, haki ya nani. Alikwenda kibandani na miwani ya Bibi mfukoni, maana skrubu ya mkono mmoja ilikuwa imelegea. Akaikaza. Akaivaa kuona kama inakaa. Mkononi alikuwa na simu ya mteja. Akaigeuza ilale ubavu, na kioo cha simu kikawa cheusi, kama mtu kafumba jicho.

Akaisimamisha. Ikawaka. Akailaza. Giza.

Akarudia muda mrefu, akiisimamisha na kuilaza. Kisha akainama chini ya meza, akavuta ndoo ya taka, akatoa ile ngozi aliyoibandua Jumamosi, ikiwa imejikunja na kunata gundi. Akaiweka mbele ya miwani, akaizungusha. Mwanga. Giza. Mwanga. Giza.

Haikuwa nailoni ya dukani. Ilikuwa sehemu ya kioo, ile inayochuja mwanga ili macho yaione picha. Alikuwa amemvua mnyama ngozi akidhani ni shati. Picha ilikuwa ukutani muda wote ule, ila ilihitaji kichujio mtu aione, na kichujio kingine alikuwa nacho Bibi usoni, kwenye miwani yake ya kliniki. Na rangi ya fedha ya tangi la Koti, badala ya kuuvuruga mwanga kama chokaa, iliurudisha vilevile ulivyokuja. Na yeye, usiku ule wa Jumamosi, alisimama wima! Ule mchujo ulikuwa wa mshazari. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa.

Sumaku alicheka peke yake kibandani mpaka muuza vocha wa jirani akachungulia.

Alirudi mbio. Bibi alikuwa amepitiwa na usingizi. Akawasha mashine bila sauti, akavaa miwani, akaegemeza kichwa bega la kulia. Harusi ikafunguka ukutani kama maua: gauni jeupe, watu, rangi zote mahali pake. Akataka kupiga kelele. Akainua kichwa wima, picha ikazama kwenye mwanga. Akaendelea, akakiinamisha bega la kushoto.

Picha ikarudi, kinyume chake. Gauni jeupe lilikuwa jeusi ti. Meno ya watu meusi. Nyuso za majivu, nywele za majivu, na watu wale walikuwa wanacheza, wanapunga leso nyeusi. Alijua kuwa ni weusi na weupe vilivyobadilishana viti. Alijua vizuri. Hata hivyo mkono wake ulishika ukingo wa kitanda.

Kamera ikamsogelea bibi harusi. Uso ukajaa ukuta. Na katika ule uso wa majivu, macho mawili meupe, yaliyofunguka kabisa, yalimkazia.

Alirudi nyuma akagonga meza. Bibi akageuka usingizini.

Akainamisha kichwa kulia: macho chini, kope zimefumbwa nusu, zimepakwa wanja mzito. Kushoto: macho wazi. Kulia: wanja. Basi. Wanja ulikuwa mweusi, kwa hiyo ukageuka mweupe. Zilikuwa kope tu. Alijiambia hivyo mara mbili, kwa sauti, kama mtu anayemwelekeza mteja.

*

Jumatano nyumba ilijaa tena, zaidi ya mwanzo, maana Sumaku alimweleza Koti kila kitu, na kumweleza Koti ni sawa na kupanda juu ya paa. Kile kipande cha ngozi kilikuwa kimeoshwa gundi kwa spiriti, kimekatwa duara na kubanwa mbele ya lenzi kwa kifuniko cha kopo, ili kiweze kuzungushwa. Sasa miwani haikuhitajika. Wote wangeona.

Na waliona. Picha ilipotokea chumba kilipasuka kwa vigelegele, vya ukutani na vya sakafuni vikichanganyika.

"Yule pale mama yangu! Akiwa na kiuno!"

"Koti, wewe huyo? Kumbe lile koti lilikuwa jipya siku moja!"

"Bado jipya hili."

Mama Mdogo alijiona akiwa na miaka kumi na mbili, amebeba maua, anapiga chafya, na akalia na kucheka kwa pamoja. Mtu alikwenda kufungua mlango wa mbele mpaka mwisho. Sumaku alisimama kando ya sanduku lake, kifua mbele, akapigwa mgongo na watu mpaka mgongo ukauma.

Kisha uso wa mama yake ukajaa ukuta. Ulikuwa uso mzuri, wa msichana, mkubwa kama mlango. Macho chini.

Bibi aliutazama kipande kwa kipande, kichwa kikienda polepole kama mtu anayesoma. Mkanda ukafika kwenye gari. Mlango wa gari ukafungwa. Macho chini.

"Umemwona, mama?" Mama Mdogo aliuliza.

"Nimemwona," alisema Bibi. "Ni yuleyule wa siku zote. Zimeni, watu wakanywe chai."

Walipokuwa uani wakinywa na kusimuliana upya kile walichokuwa wamekiona pamoja, Bibi alimwita Sumaku ndani, akamwambia afunge mlango wa chumba.

"Yule mwingine yuko wapi?"

"Mwingine nani, Bibi?"

"Usinifanye mtoto. Wa nguo nyeusi. Yule aliyenitazama."

Sumaku akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa ameogopa swali hili tangu Jumatatu. Angeweza kusema hajui. Lakini alikuwa fundi, na fundi akishajua kifaa kimekosea wapi, ulimi humwasha.

"Bibi, yule ni huyuhuyu. Ni picha imepinduka, cheusi kimekuwa cheupe. Yale si macho. Ni kope. Ni wanja mliompaka."

Nje, Koti alikuwa anasimulia na watu wanamcheka.

"Kope," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Miaka thelathini namwomba anitazame mara moja. Kanitazama, na wewe unaniambia kope." Hakusema kwa hasira. "Haya, mume wangu. Nionyeshe hizo kope. Nionyeshe kwa kidole, kama unavyoonyesha watu skrubu."

Akawasha. Akakishika kifuniko cha kopo, akakizungusha robo ya mzunguko. Harusi ilififia, ikazama, ikaibuka nyeusi. Akapeleka mkanda mbele hadi kwenye uso, akausimamisha pale. Kwenye dirisha dogo la mashine ya diski namba zikaganda: dakika ya ishirini na sita, sekunde ya nne. Yale macho meupe yalikuwa yanatazama kitandani.

Akaenda ukutani. Rangi ya fedha ilikuwa baridi chini ya kidole, na kivuli cha mkono wake kiliukata uso vipande viwili.

"Hapa," alisema, "ndipo kope inapoanzia. Huu mstari wa chini ni ncha za kope zenyewe, zile nywele. Macho yenyewe yapo chini ya hapa, yamefunikwa. Huu weupe wote ni wanja. Umeona?"

"Endelea."

"Na hili la pili vilevile. Mstari huu hapa..."

Mstari haukuwa pale alipokuwa amekiweka kidole. Alikuwa amesimama upande wa dirisha, na ule weupe ulikuwa umesogea upande wa dirisha. Akatoa mkono ukutani. Akageuka kuitazama mashine: dakika ya ishirini na sita, sekunde ya nne. Feni zinavuma. Picha yote imeganda, leso nyeusi iko hewani nyuma ya bega la bibi harusi, haishuki.

Akarudi nyuma hatua moja, ya pili, mpaka mezani. Ule weupe ukaja naye. Ulisogea polepole, kama anavyofuata mtu anayemwangalia mtoto akijifunza kutembea. Ukafika kwake, ukatulia. Ndani yake, palipokuwa na weupe mtupu, palikuwa na duara dogo la giza, na lile duara lilimtazama yeye. Kitanda kilikuwa kushoto kwake, hatua nne. Hawakutazamwa wawili. Alitazamwa mmoja.

Alitaka kukimbia na alitaka asiondoke pale maisha yake yote. Mwanamke huyu alikuwa amekufa kabla ya kumwona. Alimpitia sasa kila mahali, paji la uso, mabega, mikono yenye gundi, bila haraka.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza Bibi.

Sumaku hakuyabandua macho ukutani.

"Fundi. Umeniacha peke yangu?" Bibi aliutoa mkono nje ya blanketi, akaupapasa hewani. "Leo doa limekula kila kitu. Toka asubuhi. Sikutaka kuwaharibia watu sherehe. Hata ule uso wenu mkubwa nimeuona masikio tu."

"Bibi..."

"Nyamaza, nisikilize. Na sasa sioni ukuta. Sioni mwanga. Niambie wewe." Sauti yake ikawa ndogo, sauti ambayo mtaa ule haukuwahi kuisikia. "Kope au si kope, sitaki kujua. Bado ananitazama?"

Mle ukutani macho hayakumtoka Sumaku. Alichukua hatua moja kuelekea kitandani, akitumaini yatamfuata hadi pale na kumwona yule kikongwe aliyelala. Yalimfuata. Yalifika ukingoni mwa kitanda, pale alipokaa yeye akaushika ule mkono uliokuwa unapapasa, na yakaishia kwake. Hayakushuka hadi kwenye mto alipolaza kichwa Bibi. Kidevu cha bibi harusi hakikugeuka hata unywele. Alivyotii siku ile, alikuwa anatii bado: kwa Bibi, macho chini.

"Anakutazama," alisema Sumaku.

"Mimi?"

"Wewe, Bibi. Wewe peke yako."

Bibi akapumua, pumzi ndefu iliyotoka mbali. Vidole vyake vikalegea kwenye kiganja cha mjukuu wake.

"Hapepesi?"

"Hapepesi."

Ukutani, kope nyeupe zilishuka taratibu, zikapanda, na yale macho yakawa yamejaa maji.

"Basi usizime," alisema Bibi. "Muache atazame."

"Sizimi," alisema Sumaku, na hakuugeuza uso wake pembeni.